Kabla ya Kuandika Kiolezo, Usome Waraka

Katikati ya mwaka 2025, mikoa mipya ilipoanza kutumika, kijana mmoja wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, alinijia na kompyuta yake kwapani, uso umemshuka. Chama kimoja kilikuwa kimempa kazi ya kusahihisha kitabu chao cha anwani za wanachama, ili kifuate mgawanyo mpya wa nchi. Sheria ya Machi 2023 imepunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Ngozi, Kayanza na Kirundo sasa ni Butanyerera. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi sasa ni Buhumuza. Kijana akaona kazi nyepesi. Akafungua Word, akaenda kwenye "Rechercher et remplacer", akaandika Ngozi huku na Butanyerera kule, akabonyeza "Remplacer tout", kisha majina mengine vivyo hivyo. Chai haijapoa, kazi imekwisha.

Alipokaa kusoma, Chuo Kikuu cha Ngozi kilikuwa kimegeuka Chuo Kikuu cha Butanyerera. Jimbo Katoliki la Muyinga lilikuwa limepata jina ambalo Roma haikulitoa. Bibi mmoja aliyezaliwa Ngozi mwaka 1951 alikuwa sasa amezaliwa Butanyerera, mkoa ambao wakati huo hakuna aliyeuota.

"Mzee," akaniambia, "nimesikia kuna kitu kinaitwa XSLT. Niandikie kimoja kinitoe hapa."

"Mdogo wangu, XSLT haijui Ngozi ipi ni mkoa na ipi ni chuo. Wewe unajua?"

"Nikisoma, najua."

"Basi kazi yako ndiyo hiyo. Iliyobaki ni ndogo."

Hakupenda jibu hilo, na simlaumu. Kila mwezi kuna mtu ananiuliza swali la aina hiyo: nitumie XSLT au CSS? Pandoc inatosha? Nianzie toleo gani? Wote wanategemea nitaje programu. Mimi huwaomba kwanza waraka wenyewe, kwa sababu umbo la waraka ndilo linaloamua, na mara nyingi likishaonekana, hakuna tena cha kubishania.

Waraka wenye muundo ni ule ambao kila kipande kimeandikwa kwamba ni nini, si kwamba kionekane vipi. Word ya yule kijana ilijua kwamba neno Ngozi limekolezwa wino, basi. XML, namna ya kuandika waraka kwa tagi, ingejua kwamba huku ni `<mkoa>Ngozi</mkoa>` na kule ni `<chuo>Chuo Kikuu cha Ngozi</chuo>`. Laha ya mitindo, iwe ya CSS au ya XSLT, ni maelekezo yanayofuata baadaye: ukikutana na kitu chenye jina hili, kitoe namna hii. Kama majina hayapo, laha haina pa kushika, hata iandikwe na bingwa.

Swali langu la kwanza kwa mwenye waraka ni hili: mpangilio unabadilika, au sura tu? Kama vipande vinatoka kwa mfuatano uleule vilivyoingia, na unachotaka ni wino, nafasi, ukubwa wa herufi na namba za kurasa, tumia CSS uende zako nyumbani. CSS ipo tangu Desemba 1996, kila kijana anayetengeneza tovuti Bujumbura anaijua, na atakayeirithi kazi yako hatakulaani. CSS ni fundi rangi. XSLT ni fundi anayeweza kubomoa ukuta, kuhamisha mlango na kujenga chumba ambacho hakikuwapo: orodha ya yaliyomo, faharasa, jedwali lililokusanywa kutoka kurasa 40, kitabu kimoja kilichoshonwa kutoka mafaili 12. Usimwite fundi wa ukuta kuja kupaka rangi.

Na kuna watu wasiohitaji fundi yeyote kati ya hao. Ripoti ya mradi yenye vichwa, aya, picha tatu na jedwali, inayopaswa kutoka kama faili la Word na kama PDF, iandike kwa maandishi ya kawaida ukaipitishe kwenye Pandoc, programu ya bure aliyoianzisha John MacFarlane mwaka 2006. Nimewaona vijana wakitumia wiki mbili kujenga mtambo wa XML kwa ajili ya ripoti ya kurasa 30 itakayosomwa na watu wanne. Huo ni ufundi wa kujionyesha.

Tuseme sasa XSLT inahitajika kweli. Hapo ndipo wengi hukosea, na makosa yao hayaanzii kwenye toleo wala kwenye programu. Yanaanzia kwenye namna ya kuandika.

Kuna namna mbili. Ya kwanza naiita kuvuta. Unakwenda soko la Ruvumera na orodha mkononi: nyanya, vitunguu, ndagala kilo moja. Unajua unachotaka na kwa mfuatano gani. Unaingia, unachukua, unatoka. Kwenye XSLT huko ndiko kutumia `for-each` na `value-of`. Namna ya pili naiita kupokea. Ni kazi ya ofisa wa bandarini pale ziwani: hajui meli ya leo itashusha nini, lakini kila aina ya mzigo ina utaratibu wake, saruji huku, sukari kule. Kwenye XSLT huko ndiko kuandika violezo vidogo vidogo, kila kimoja kinajua elementi yake moja, yaani kipande chenye tagi yake, kisha kusema `apply-templates` na kuuachia waraka ulete ulicho nacho.

Wanaotoka kwenye lugha kama PHP au Python huvutiwa na kuvuta, maana inafanana na walichozoea. Na kwa nyaraka fulani wako sahihi kabisa. Tamko la forodha, orodha ya mishahara, matokeo ya wanafunzi: hizo ni data zilizovaa tagi. Kila rekodi ina sehemu zilezile kwa mfuatano uleule, na anayeandika laha ya kurasa tisa za violezo kwa ajili ya orodha ya mishahara anajisumbua bure. Vuta.

Lakini jaribu kuvuta kwenye sheria, kwenye kitabu cha historia, au kwenye mahubiri. Chukua aya moja tu:

`<aya>Kifungu hiki kinafuta <rejeo kwa="k12">kifungu cha 12</rejeo> kuanzia <tarehe>1 Julai</tarehe>, isipokuwa pale <neno-geni>intuitu personae</neno-geni> inapohusika.</aya>`

Ukiandika `value-of` kwenye aya hiyo, maandishi yote yatatoka, hakuna neno litakalopotea, na hakuna onyo lolote. Ila rejeo halitabonyezeka tena, tarehe itakuwa maandishi matupu, na Kilatini kitasimama wima badala ya kulala. Utakuja kugundua ukurasa wa 180, siku ya kukabidhi. Sentensi za binadamu hazina mfuatano unaoweza kuutabiri: leo rejeo liko ndani ya neno geni, kesho neno geni liko ndani ya rejeo. Ukipokea, kila kiolezo kinafanya kazi yake popote kinapoitwa, hata ndani ya kingine. Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: kama waraka una aya zenye tagi katikati ya maneno, pokea. Kama una safu mlalo na safu wima, vuta. Kama una vyote viwili, kama bajeti yenye maelezo marefu, mwili wa waraka upokee na majedwali uyavute.

Kupokea nako kuna mtego wake, na mimi niliuingia mzimamzima. XSLT ina kanuni za kuzaliwa: elementi isiyo na kiolezo haizuiliwi, maandishi yake hutoka tu. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa ripoti ya ofisi moja hapa mjini. Mhariri wao alikuwa ameacha humo elementi ya `<maoni>`, ya kuwasiliana na wenzake. Sikuijua, kwa hiyo sikuiandikia kiolezo. Ripoti ikachapishwa nakala 200, na kwenye ukurasa wa fedha, katikati ya aya, pakasomeka: muulizeni mkurugenzi kama hizi tarakimu ni za kweli. Nililipia uchapishaji wa pili mfukoni mwangu.

Dawa yake ipo, na ni mstari mmoja, mradi unatumia XSLT 3.0: `<xsl:mode on-no-match="fail"/>`. Ukiuweka, mashine ikikutana na elementi usiyoiandikia kiolezo inakataa kuendelea na kukuambia jina lake. Wakati wa kujenga laha, uache mstari huo humo hata kama unakuudhi, na utakuudhi: maandishi yenyewe nayo yatadai kiolezo chake. Kazi ikishatulia ndipo uamue kama utaulegeza.

Hapo tumefika kwenye matoleo, na ni lazima nikuonye. XSLT 1.0 ilitoka Novemba 1999, 2.0 Januari 2007, 3.0 Juni 2017. Utafikiri kila mtu leo yuko kwenye la tatu. La hasha. Programu ya `xsltproc` iliyomo kwenye mashine nyingi za Linux inajua 1.0 tu. Maktaba ya `lxml`, ambayo wanafunzi wa Python wanaipenda, imejengwa juu ya libxslt, ileile inayotumiwa na `xsltproc`, kwa hiyo nayo ni 1.0 tu. Nimemwona mtu akiandika `version="3.0"` juu ya faili lake na kuamini kwamba ameipandisha programu cheo. Cheo hakipandi kwa kujiandikia. Anayetaka 3.0 bila kulipa hutumia Saxon-HE, ya kampuni ya Saxonica iliyoanzishwa na Michael Kay, mtu yuleyule aliyehariri maelezo rasmi ya 2.0 na 3.0.

Tofauti inaonekana wapi? Chukua orodha ya komini 42, kila moja imeandikwa mkoa wake, nawe unataka zitoke zimekusanywa chini ya mikoa mitano. Kwenye 2.0 na 3.0 ni `for-each-group` na umemaliza. Kwenye 1.0 inabidi utengeneze funguo, uombe vitambulisho, uvilinganishe, kwa mbinu iliyopewa jina la Steve Muench wa Oracle. Ni mbinu ya akili kwelikweli, na sijawahi kukutana na mtu anayeikumbuka bila kuitafuta.

Ushauri wangu kwa anayeanza leo: anza na 3.0 kwenye Saxon. Saxon ya kawaida inahitaji Java, lakini haihitaji intaneti ikishakaa kwenye mashine, na hapa kwetu hilo si jambo dogo. Umeme ukikatika saa nane mchana na betri ina saa moja, unataka mtambo ulio wote kwenye diski yako, si unaoita seva ya ng'ambo. Kama umerithi laha za 1.0 zinazofanya kazi, ziache zifanye kazi. Usiziandike upya kwa sababu ya aibu.

Jambo moja nilikataze waziwazi. Zamani uliweza kupeleka faili la XML kwenye kivinjari na kukiambia kiligeuze chenyewe kwa XSLT. Mwaka 2025 watengenezaji wa Chrome walitangaza mpango wa kuliondoa jambo hilo. Geuza kwako, peleka HTML.

Kuna kosa jingine ambalo limewatoa machozi watu wazima. Laha imeandikwa vizuri, violezo vyote vipo, unaiendesha, na kinachotoka ni maandishi yaliyomwagika bila kichwa wala aya. Hakuna kosa lililoripotiwa. Angalia juu kabisa ya waraka wako: je, kuna `xmlns=`? Hilo ni jina la ukoo. Ndani ya waraka huo `kifungu` si kifungu tu, ni kifungu wa ukoo fulani, na kiolezo chako kinamtafuta kifungu asiye na ukoo. Hawafahamiani. Taja ukoo kwenye laha, kwa `xpath-default-namespace` kama uko kwenye 2.0 au 3.0, na waraka utaitika.

Kwa wanaoshughulika na sheria, ukoo huo una jina: Akoma Ntoso. Ni maneno ya Kiakan cha Ghana, yenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Mfumo huo ulianzishwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, ukaja kupitishwa na shirika la OASIS mwaka 2018 kuwa kiwango cha kimataifa cha nyaraka za sheria. Laws.Africa ya Afrika Kusini inautumia kila siku. Kama ofisi yako inatunza sheria zinazotoka kwenye Bulletin Officiel du Burundi, usibuni tagi zako mwenyewe. Tabu ya kujifunza majina ya watu wengine ni ya mwezi mmoja. Tabu ya kuwaeleza wengine majina uliyobuni haina mwisho.

Nyaraka zetu zina sifa nyingine ambayo vitabu vya XSLT havikuitarajia: lugha. Kirundi, Kifaransa, na Kiingereza kilichofanywa rasmi mwaka 2014; na ukiandikia watu wa Buyenzi, ongeza Kiswahili. Hapa wengi hujaza laha yao masharti: kama ni Kifaransa fanya hivi, kama ni Kirundi fanya vile, mstari baada ya mstari, mpaka hakuna anayethubutu kuigusa. Fanya hivi badala yake. Andika laha moja ya shina isiyojua lugha yoyote. Kisha andika laha ndogo kwa kila lugha, iiite ile ya shina kwa `xsl:import`, na ibadilishe violezo vitatu au vinne tu vinavyotofautiana.

Mfano ulio karibu ni namba ya kifungu. Kifaransa kinasema Article 1er, halafu Article 2, Article 3. Ni cha kwanza tu kinachobeba ule mkia. Kirundi kinasema Ingingo ya 1, Ingingo ya 2. Ukiwa umeandika "Article 1er" kwa mkono ndani ya waraka, umeshafunga mlango. Ukiwa umeandika `namba="1"` na kuiachia laha ya kila lugha iamue, waraka mmoja unatoka mara nne bila kuguswa. Vivyo hivyo nafasi ambayo Kifaransa huiweka kabla ya nukta mbili, na alama zake za kunukuu. Hayo ni mambo ya laha, hayana kazi ndani ya waraka.

Kuhusu PDF sitakaa sana. Njia ya zamani ni XSL-FO kupitia Apache FOP. Inafanya kazi, lakini toleo la mwisho la XSL-FO, 1.1, ni la Desemba 2006, na kumpata kijana anayeifahamu ni tabu. Njia ya pili ni kutoa HTML kwa XSLT, kisha kuipaka kwa CSS ya kurasa na kuichapa kwa WeasyPrint, ambayo ni ya bure, au Prince, ambayo inauzwa. Mimi nimehamia ya pili na sijajuta.

Sasa turudi kwa kijana wa Buyenzi. Tulitupa faili lililoharibika, tukachukua nakala ya zamani. Tukaigeuza kuwa XML, naye akakaa siku tatu akisoma na kuweka tagi: huyu ni mkoa wa anwani, hiki ni chuo, hapa ni mahali pa kuzaliwa. Pembeni tukatengeneza faili dogo la komini 119 za zamani, kila moja na komini yake mpya na mkoa wake mpya, na pale tulipoingiwa na shaka tulirudi kwenye sheria yenyewe. Laha tuliyoiandika ilianza na `<xsl:mode on-no-match="shallow-copy"/>`, maana yake: kila kitu kinakiliwe kilivyo, isipokuwa nilichokitaja. Tukataja komini na mkoa zilizo ndani ya `<anwani>`, hakuna kingine. Mistari haikufika 40. Bibi akarudi kuzaliwa Ngozi, askofu akarudi Muyinga, na anwani zao zikasoma Butanyerera na Buhumuza kama serikali inavyotaka.

"Mzee," kijana akasema, "kumbe laha ilikuwa kazi ya jioni moja."

Jioni moja, baada ya siku tatu za kusoma.

Kwa hiyo wewe uliye na waraka mezani na unataka kunitumia laha yako niiangalie: usinitumie laha. Chagua kurasa tatu zilizo ngumu kuliko zote, zichape kwenye karatasi, chukua kalamu nyekundu, na juu ya kila kipande andika jina lake. Hizo ndizo uniletee.